Vyombo Vinavyopima Mwili



Juma hili tuzungumze juu ya vyombo vya umeme vinavyoupima mwili wa mwanadamu. Zamani vilikaa hospitalini tu, tena chini ya ufunguo. Leo vimefika mpaka majumbani mwetu. Kipima joto, kipima presha, kipima sukari ya damu, hata kile kibanio kidogo kinachoshika ncha ya kidole na kuonyesha tarakimu, vyote hivyo mtu aweza kuvinunua na kuvitia mfukoni. Wengine huvifurahia, wengine huviogopa. Wako na watu wa namna ya tatu, na hao ndio wanaonisumbua zaidi: huviamini vyote sawasawa, kana kwamba kitu chenye taa na namba hakiwezi kusema uongo.

Nianze na damu iliyosafiri ndani ya chupa ya chai.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini ya nchi yetu, penye hospitali ya misioni iliyotunzwa na masista wa Kibelgiji. Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kuuchungua. Alitoa damu ya wagonjwa bila kuvaa mifuko ya mikono, akanawa kwa sabuni na maji, basi. Aliporudi alifuatana na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa, na damu ya sista huyo ikatiwa katika chupa ya kutunza baridi, ikapandishwa ndege mpaka Antwerp, Ubelgiji. Ilibidi bara zima livukwe ili mtu aambiwe ana nini! Mwaka ule, huko Yambuku na vijiji vya jirani, waliugua watu 318, wakafa 280. Tena jambo la kuhuzunisha ni hili: wauguzi walipewa kila asubuhi sindano tano tu kwa wagonjwa wengi wa siku nzima, nazo zikasuuzwa na kutumiwa tena. Sindano, ambayo ni chombo cha kuponya, ikawa njia ya mauti, kwa kuwa hazikuwako za kutosha.

Sasa tulinganishe na yaliyotupata sisi wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini, na ugonjwa ukaingia Ituri. Safari hii damu haikuhitaji kwenda Ulaya. Katika Beni, Butembo na hapa hapa Bunia ziliwekwa mashine ziitwazo GeneXpert. Ukiiona kwa mara ya kwanza waweza kuidharau, maana ni sanduku tu lenye vijilango. Mtu wa maabara hutia damu, ambayo imekwisha changanywa na dawa ya kuua virusi, katika kikopo cha plastiki, akakisukuma ndani ya kijilango na kukifunga. Mashine yenyewe huchuja, hupasha moto, hupoza, hupasha tena, ikirudufu chembe za urithi za virusi mpaka ziwe nyingi za kutosha kuonekana. Jawabu hutoka kabla ya muda wa saa mbili kupita. Mashine za namna hiyo hupima pia makohozi ya mwenye kifua kikuu, na kumwambia daktari kama dawa ya rifampisini itafaa au haitafaa.

Hata hivyo, ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na waliokufa 2,287, kupita mbali hesabu ya Yambuku. Mashine ilijibu kwa haraka, lakini haikuweza kumfuata mgonjwa aliyefichwa na jamaa zake, wala kupita katika njia iliyofungwa na risasi.

Mnakumbuka pia vile vipima joto vyenye umbo la bastola, vilivyoelekezwa kwenye paji la uso pale vizuizini, karibu na ndoo za maji ya klorini. Watoto walilia. Watu wazima, ambao ilifaa wawatulize watoto, walinong'ona kwamba chombo kile hupiga mwale unaoharibu ubongo. Hasha! Chombo hicho hakipeleki joto wala sumu yo yote, chapokea tu. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho usioonekana kwa macho, na ndiyo sababu waweza kusikia moto wa jiko usoni bila kuligusa. Bastola ile husoma mnururisho huo, na ule mwanga mwekundu ulio katika baadhi yake ni wa kulengea tu. Lakini yule aliyejisifu, «Nimepimwa, sina Ebola», naye alikosea, kwa maana virusi vyaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 kabla ya homa kuanza. Nyumbani, kipimo cha kutia kwapani chafaa kuliko bastola. Kile cha kioo chenye zebaki sasa chaachwa: zebaki ni sumu, na mataifa yalipatana katika Mkataba wa Minamata kwamba visitengenezwe tena baada ya mwaka 2020.

Nije sasa kwenye kibanio cha kidole, yaani oksimita, maana hicho ndicho ningependa kila kituo cha afya cha vijijini kiwe nacho, hata kabla ya vyombo vikubwa. Njia yake iligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi, aliyeitangaza mwaka 1974. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, na ile iliyopungukiwa huwa nyeusi-nyeusi. Kibanio hupitisha nuru mbili katika kidole, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana, kisha hupima ni kiasi gani cha kila moja kimevuka upande wa pili. Kwa hesabu hiyo chapata kujua damu imebeba oksijeni kiasi gani katika mia. Mtu mzima wa afya huonyesha 95 mpaka 100. Mtoto mwenye nimonia akishuka chini ya 90, ahitaji kupewa oksijeni, wala si kungoja kesho.

Lakini kuna jambo ambalo ni lazima sisi watu weusi tulijue. Desemba 2020 waganga wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa habari ya uchunguzi wao. Walilinganisha namba ya kibanio na kipimo cha damu yenyewe iliyotolewa mshipani, wakaona ya kuwa kwa wagonjwa weusi kibanio kilisema «salama», hali oksijeni imepungua sana, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi huizuia nuru, na watengenezaji hawakuwa wamevijaribu vya kutosha juu ya ngozi kama yetu. Je, tuvitupe? La. Chombo kinachokosea kidogo bado chapita jicho, maana jicho haliwezi kabisa kuona damu iliyopungukiwa mpaka mtoto awe karibu kufa. Ila namba 92 au 93 isimlaze mama usingizi. Enyi akina mama, hesabuni pumzi za mtoto dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, au mwenye mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, ni mgonjwa, hata kibanio kikisema nini. Kama kifua chabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, mpelekeni usiku huo huo. Tena kidole kiwe safi na chenye joto, kisicho na hina wala rangi ya kucha, la sivyo namba itakuwa ya bure.

Na namba yenyewe haiponyi mtu. Baada yake hutakiwa oksijeni, na siku hizi iko mashine inayovuta hewa ya kawaida, ikashika naitrojeni, ikatoa oksijeni iliyo karibu safi. Yafaa mno mahali ambapo mitungi haifiki kwa urahisi, ila hunywa umeme usiku na mchana, nao umeme ukikatika ni mtoto anayekatika pumzi. Mahali pengi pa Ituri hapana umeme wo wote. Wenzetu wa Uganda, katika hospitali za Jinja na Kambuga, walijaribu kuziendesha mashine hizo kwa nguvu ya jua, wakilimbikiza katika betri kwa ajili ya usiku, na watoto waliotunzwa hivyo walipona sawasawa na waliopewa oksijeni ya mitungi. Jua letu si haba kuliko la Jinja.

Sasa juu ya chombo cha uongo. Huenda nawe umekwisha kukiona: mtu amekaa mezani na kompyuta ndogo, akupa kijiti cha chuma ukishike kwa muda wa dakika moja, kisha karatasi zatoka zikieleza ini lako, figo zako, mifupa, macho, na kila vitamini uliyopungukiwa. Hukiita «kwantumu». Na tazama, yule yule anayepima ndiye mwenye mkoba wa vidonge na majani ya chai ya kutibu! Kushika chuma hakuwezi kumwambia mtu hali ya figo. Figo hujulikana kwa damu na mkojo. Nawapeni njia ya kujaribu, kama tunavyofanya darasani: mwombe akupime mara mbili, na mara ya pili aandike umri mwingine na kimo kingine, kisha linganisha karatasi. Kipimo cha kweli kikirudiwa hukaribiana. Hasara si ya fedha tu. Mzee mwenye sukari akiuza mbuzi ili anunue vidonge hivyo, na kuacha dawa za daktari, siku moja mguu wake utaoza.

Simu nazo zina hila zake. Marekani iliuzwa programu iliyodai kupima presha kwa simu kuwekwa kifuani na kidole juu ya kamera. Wataalamu wa Johns Hopkins walipoichungua, habari yao ikatoka mwaka 2016, waliona ya kuwa karibu watu wanne katika kila watano wenye presha ya juu waliambiwa kwamba hawana. Kipima presha cha kweli kina mkanda wa kufunga mkono juu ya kiwiko. Kaa kimya dakika tano, egemeza mgongo, mkono uwe usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili, andika. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi siku kadha wa kadha, peleka daftari lako kwa mganga.

Neno kwa vijana wa shule za ufundi. Mwaka 2011 wachunguzi wawili walitangaza hesabu ya vyombo vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uhaba, wakakuta karibu 38 katika kila 100 havifanyi kazi. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya vilivyoharibika vyaweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa kawaida, bila kuagiza kipuri cho chote kutoka ng'ambo: fyuzi, plagi, betri, mpira uliotoboka, uchafu. Kazi hiyo haihitaji shahada ya udaktari. Kile kichujio cha sifongo nyuma ya mashine ya oksijeni, kwa mfano, huoshwa kwa maji na sabuni kila juma, hukaushwa kabisa, kisha hurudishwa mahali pake. Na katika vumbi la kiangazi cha Bunia huenda kikahitaji mara mbili.