Boda wako kafungiwa leseni? Usikimbilie kutafuta mwingine

Wadau, boda akifungiwa leseni, sisi wauzaji tunaichukulia kama shida yake peke yake. Anakwambia "nimefungiwa miezi mitatu", unampa pole, jioni unaomba namba ya mwingine. Mimi sikubaliani na hilo, na sababu si huruma tu.

Kwa sisi wa Ruangwa boda ndiyo duka lenyewe. Mteja wa Mbekenyera kaona sketi kwenye status, katuma hela, anataka mzigo leo. Kijana anayezijua njia na asiyechezea hela ya mteja humpati kwa siku moja, hasa msimu wa korosho.

Na kufungiwa si mwisho wa habari. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki zake, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Haikuandikwa kwa ajili ya wenye mabasi peke yao.

Cha kwanza, jua nani kafungia. Kama ni hakimu wa Mahakama ya Wilaya, ni rufaa Mahakama Kuu: kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45, hivyo nakala ya hukumu iombwe mapema. Kama ni LATRA, kilichofungiwa ni leseni ya usafirishaji ya chombo, siyo ya udereva, na uamuzi wao unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Kama ni polisi, aanze na barua kwa ofisi iliyotoa uamuzi, aombe sababu kwa maandishi na uamuzi upitiwe upya. Barua, siyo simu. Na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sisi tunaingia kwenye ushahidi. Kijana wangu alifungiwa na ofisi fulani, nisiitaje, miezi mitatu kwa makosa matatu. Makosa yalisomwa kwa namba ya pikipiki, na pikipiki ile ilikuwa na dereva mwingine kabla yake. Kosa la kwanza lilikuwa la kabla hajakabidhiwa. Mkataba wake na bosi ulionyesha tarehe. La pili lilisemwa kutokea mjini, saa ambayo yeye na pikipiki walikuwa Mandawa kwa mteja wangu. Nilikuwa na ujumbe wa mteja "mzigo nimepata" na meseji ya malipo, vyote vina saa. La tatu, kubeba mshikaki, hakulibisha, na kwenye barua aliandika hivyohivyo. Naamini hapo ndipo walipoanza kumwamini kwenye yale mawili.

Majibu yalichukua siku 11. Miezi mitatu ikawa mmoja.

Najua wapo watakaosema "si amalizane nao tu". Hongo ni kosa, haina risiti, na kesho akisimamishwa mbele leseni bado imefungwa. Wengine watasema apeleke mizigo usiku. Hapana. Kupeleka barua hakufungui leseni. Anabaki amefungiwa mpaka aambiwe vinginevyo kwa maandishi. Na kama pikipiki ni yako ukamwachia aendeshe huku unajua hana ruhusa, sheria inakugusa na wewe, achilia mbali bima kukukataa akigonga mtu.

Mwezi ule kijana alikuwa anafunga mizigo na kupiga simu kwa wateja, mdogo wake mwenye leseni ndiye aliyepeleka. Meseji za wateja sifuti tena ovyo kupunguza nafasi kwenye simu. Na kila Jumatatu naingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, kitu cha dakika mbili. Kikionekana kosa tusilolijua, tunauliza wiki hiyohiyo.