Dogo wa Nachingwea na ile 34 ya uongo

Wadau, mwenzenu nilipotea kidogo. Nilikuwa mkoani Lindi kwenye dili la kutengeneza tangazo la video, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Kampuni moja (jina naliacha) inauza zile fulana za kubana zenye kifaa cha GPS mgongoni. Mmewaona wachezaji wa Ulaya wanazivaa mazoezini, wengine mnadhani ni sidiria. Kifaa kinakaa katikati ya mabega, kinapokea mawimbi kutoka setilaiti, kisha kocha anaona kwenye kompyuta nani kakimbia umbali gani, kwa kasi ipi. Si uchawi. Catapult ya Australia ipo tangu 2006, na mwaka 2015 watunga sheria za soka wakaruhusu vifaa hivi hata kwenye mechi, mradi mwandaaji wa mashindano akubali.

Kwa nini kusini? Kwa sababu ya Namungo. Timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka 2021 ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwenye kampuni alitaka "moto wa Ruangwa": tupige picha madogo wa mtaani Nachingwea, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu, halafu tumalizie Ruangwa nje ya Uwanja wa Majaliwa. Sekunde 60, ngoma nzito, picha ibadilike kila sekunde. "Watu wasipate muda wa kufikiri," akaniambia. Nilicheka. Sasa sicheki.

Vifaa vilikuwa vinne, chenye chaji kimoja. Madogo waliruka, wakapiga kelele kama walivyoelekezwa, droni juu, vumbi kibao. Jioni, tukiwa tunafunga mizigo, dogo mmoja winga akaniuliza: "Kaka, kwani mimi nimekimbia ngapi?" Bahati nzuri ndiye aliyevaa kile chenye chaji. Nikafungua kompyuta. Kilomita 27 kwa saa. Jamani! Timu nzima ilijazana pale, wanasukumana, kila mmoja anataka avae yeye, hata kocha wao akavua kofia ajipange foleni. Kamera zilikuwa tayari kwenye mabegi. Tangazo lenyewe lilikuwa pale, na mimi sikulipiga.

Kwenye kuhariri niliweka 27. Jibu likaja: weka 34, 27 haiuzi. Nikaweka 34. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, sitawadanganya kwa hilo.

Najua wapo watakaosema tangazo ni tangazo, nani anaamini? Sawa, sabuni inayosifiwa kupita kiasi hainisumbui. Lakini kazi pekee ya kifaa hiki ni kupima. Ukidanganya namba, umeuza nini? Kumbukeni Power Balance, ile bangili ya mpira iliyovaliwa na wanamichezo wakubwa eti inaongeza nguvu na mizani ya mwili. Mwanzoni mwa 2011 kampuni ikakiri huko Australia kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, na kabla mwaka haujaisha ikaomba kufilisiwa.

Nachingwea nako si kugeni kwa mbwembwe. Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, matrekta na ahadi tele, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini sisi tunaoshika kamera huwa tunajiona hatuhusiki. Mimi ni mwandishi wa habari. Waziri akiongeza 7 kwenye takwimu zake, namwandika ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo kuanzia sasa mkataba wangu una mstari mmoja wa ziada: namba itakayoonekana kwenye video itoke kwenye kifaa. Asiyetaka akatafute mwingine, na najua atampata siku hiyohiyo.

Fulana zenyewe zilikusanywa zote palepale, zikarudi Dar kwenye boksi. Juzi yule winga kanitumia ujumbe. Ameiona video kwenye simu ya jirani. "Kaka, kumbe siku ile mashine ilikosea, nilikimbia 34! Nimemwambia kocha anipeleke majaribio."

Mpaka naandika hapa sijamjibu.