Risala ya Wapolandi wa Zaolzie kwa Serikali na Halmashauri

Waheshimiwa wawakilishi wa Serikali ya Ucheki, waheshimiwa wenyeviti wa halmashauri,

Sisi wazee, wazazi na walimu wa Kipolandi wa Zaolzie, katika wilaya za Karviná na Frýdek-Místek, tunaleta risala hii kwenu. Hatukuja kudai ardhi wala kusogeza mpaka. Tumekuja kwa ajili ya lugha ya watoto wetu na majina ya vijiji vyetu.

Sisi si wahamiaji. Mababu zetu walilima na kuzikwa kando ya mto Olza tangu zama ambazo Cieszyn ilikuwa milki ndogo chini ya wafalme wa Vienna. Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia kwisha, tarehe 5 Novemba 1918, mabaraza ya wenyeji, la Wapolandi na la Wacheki, yaligawana eneo hili kwa amani kwa kufuata watu wa kila kijiji ni wa taifa gani. Makubaliano hayo hayakumaliza miezi mitatu. Tarehe 23 Januari 1919 jeshi la Chekoslovakia liliingia, kwa sababu Praha ilihitaji makaa ya mawe ya Karviná na reli ya Bohumín hadi Košice, njia yake kuu ya kufika Slovakia. Kura ya wenyeji iliahidiwa, haikupigwa. Tarehe 28 Julai 1920 mabalozi wa mataifa makubwa waliupitisha mpaka katikati ya mji wa Cieszyn: soko la kale likabaki Polandi, stesheni ya reli ikaangukia Chekoslovakia, na maelfu kwa maelfu ya Wapolandi wakajikuta raia wa nchi ambayo hawakuulizwa kama wanaitaka.

Oktoba 1938, Ujerumani ilipokuwa ikiimega Chekoslovakia, Polandi nayo ililitwaa eneo hili kwa vitisho vya kijeshi. Wacheki wengi walifukuzwa, shule zao zikafungwa. Ilikuwa dhuluma, na majirani zetu wana haki ya kuikumbuka. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia, na safari hii shule zilizofungwa zilikuwa zetu. Aprili 1940 walimu na viongozi wetu walikamatwa kwa wingi na kupelekwa kambi za Dachau na Mauthausen. Agosti 1944, katika kijiji cha Životice, Gestapo iliua watu 36 kwa siku moja, wengi wao Wapolandi, wengine Wacheki. Watoto wetu wanatuambia kwamba darasani husikia sana habari za 1938, lakini za 1919 na za Životice hupitwa haraka, kama zinatajwa. Mtoto anayefundishwa nusu ya historia hujifunza kumwona mwenzake wa dawati moja kuwa mgeni.

Waheshimiwa, malalamiko yetu makubwa ni juu ya hesabu. Sheria inasema kijiji huweka vibao vya majina kwa lugha mbili, na halmashauri huunda kamati ya walio wachache, pale ambapo angalau asilimia 10 ya raia wamejiandikisha kuwa wa taifa la walio wachache katika sensa. Sasa tazameni sensa zenyewe. Mwaka 1991 Wapolandi nchini walikuwa 59,383. Mwaka 2001 walikuwa 51,968. Mwaka 2011 wakawa 39,096. Je, wote waliopungua walikufa au kuhama? Mwaka 2011 swali la taifa lilikuwa la hiari, na takriban robo ya wakazi wote wa nchi waliliacha wazi. Bibi aliyeona mambo ya 1920, ya vita na ya miaka ya chama kimoja aliwafundisha wajukuu wake kutojitaja mbele ya karani wa serikali. Ukimya huo ni jeraha, nao sasa unatumika kupunguza haki zetu.

Ucheki iliridhia Mkataba wa Ulaya wa Lugha za Kikanda au za Walio Wachache mwaka 2006, na Kipolandi kilitajwa kwa wilaya zetu hizi mbili. Tuliushukuru uamuzi huo na bado tunaushukuru. Lakini vibao vilipoanza kusimamishwa, vingi vilipakwa rangi nyeusi upande wa Kipolandi, vingine viking'olewa, na katika baadhi ya halmashauri tuliambiwa tusiwachokoze watu. Kusoma jina la Kipolandi, Bystrzyca, chini ya lile la Kicheki, Bystřice, kunamchokoza nani? Eneo hili limemzaa mwandishi Gustaw Morcinek, na limemzaa Jerzy Buzek aliyekuja kuwa Rais wa Bunge la Ulaya. Kila mwaka ngoma za watu wa milimani huko Jablunkov huwakusanya Wapolandi, Wacheki na Waslovakia pamoja. Hakuna aliyedhurika kwa kusikia Kipolandi.

Kwa hiyo tunadai kibao kilichokwisha kuwekwa kisiondolewe kwa sababu ya sensa moja, na kinachoharibiwa kirudishwe upesi kwa gharama ya umma. Haki zilizoshikamanishwa na asilimia 10 zipewe kipimo kingine: shule iliyopo, chama kilichopo, maombi ya wakazi wenyewe. Shule ndogo za vijijini zipewe fedha za kutosha na zisifungwe kwa haraka pale idadi ya watoto inapopungua kwa mwaka mmoja au miwili, kwa maana shule ya Kipolandi ikifungwa kijijini haifunguliwi tena. Mitaala ya shule zote za mkoa, za Kicheki na za Kipolandi, ifundishe 1919, 1920, 1938 na 1944 kwa ukamilifu, na walimu wa pande zote mbili wakae meza moja kuiandika. Kabla ya sensa ijayo, Serikali itangaze wazi, kwa Kipolandi pia, kwamba anayejitaja kuwa Mpolandi hatapoteza chochote.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa lugha zote mbili.