Kisu Kiwekwe, Ngoma Ibaki

Aghalabu katika Desemba ya mwaka wa shufwa, wazee wa inchama wa ukoo huu au ule wa Wakurya wakiisha kutoa idhini yao, njia za vijiji vya Tarime na Serengeti hujaa watu wachezao ngoma. Vijana hutangulia na virungu na filimbi, nyuso zao zimepakwa rangi; wanawake hufuata kwa vigelegele; vumbi hupanda hata mti wa karibu usionekane. Katikati ya kundi hilo yumo msichana. Amefunikwa khanga mpya, amebandikwa noti kifuani, ameshikiwa mwavuli juu ya kichwa kama bibi arusi. Mgeni aweza kudhani kwamba huyo ndiye mchezaji mkuu. Lakini akimtazama miguuni ataona jambo la kushangaza: katika watu wote wa msafara ule, huyo peke yake hachezi. Anatembea polepole, hatua baada ya hatua, kwa kuwa ametoka sasa hivi mikononi mwa ngariba. Ngoma yapigwa kwa ajili yake, ila yeye hana fungu ndani yake.

Huyo ni msichana aliyekubali au aliyeshikwa. Yuko wa pili, ambaye habari hizi zamhusu zaidi: yule aliyetoroka usiku kabla ya zamu yake, akapita mashambani mpaka kituo cha Masanga katika Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu katika Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014. Mwili wake umesalimika. Watu humpongeza, na wanayo haki. Lakini hesabu ya alichopoteza haifanywi. Amepoteza mama, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akimwandalia khanga. Amepoteza wadogo zake na wenziwe wa rika. Amepoteza na heshima, kwa maana kijijini sasa ni msagane, neno ambalo mwanamke asiyepitia esaro hurushiwa kama jiwe. Mtu aliyefiwa huwekewa matanga. Majirani huja, huketi, hulia pamoja naye, na siku ikifika msiba huondolewa. Huyu amefiwa na watu walio hai, na kwa msiba wa namna hiyo hakuna aliyetandika jamvi. Wapo pia waliofiwa hasa. Wanawake wa Mara wamesimulia hadharani habari za wenzao waliovuja damu hadi kufa, ambao hawakuzikwa wala kuliliwa kama wafu wengine, kwa kuwa kifo chao kilihesabiwa kuwa mkosi. Rafiki aliyebaki alitakiwa anyamaze.

Sheria imesema yake. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai katika Tanzania, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 32 katika kila 100 wa Mkoa wa Mara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ambapo kwa taifa zima walikuwa 10; uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 8 kwa taifa. Hesabu yashuka, na ishuke zaidi. Lakini sheria huzuia mkono wa ngariba. Haikutungwa ili imtulize aliyeukimbia mkono huo.

Katika kambi za Masanga mamia ya wasichana hukusanyika msimu wa ukeketaji unapowadia. Hufundishwa habari za afya, za haki zao na za masomo; pamoja na hayo huimba na kucheza, na mwisho hutolewa kwa mahafali ambayo wazazi hualikwa. Ni huko kuimba na kucheza kunakobishaniwa.

Wako watu wema, wengine wa dini na wengine wa elimu, wasemao kwamba ngoma ndiyo mlango wa kisu. Mtoto, wasema, huvutwa na ngoma kabla hajavutwa na ngariba. Basi apewe kitabu, cherehani na sala, na ngoma iachwe izeeke na wazee wake. Hoja hii ina sauti ya busara lakini haina macho. Ni kweli kwamba ngoma huvuta. Ndiyo sababu haifai kuachiwa kisu. Msichana aliyekulia Nyamwaga au Sirari ameisikia ngoma hiyo tangu yuko mgongoni mwa mama. Miguu yake iliijua kabla akili haijaijua. Kumwambia kwamba kitu hicho ni najisi ni kumwongezea uyatima juu ya uyatima: amekosa nyumba, sasa akose hata mwendo wa miguu yake. Na mwaka wa shufwa utakaporudi, filimbi zikalia ng'ambo ya kilima, ni nani atakayeusikia wito huo kwa uchungu zaidi kuliko yule asiye na ngoma nyingine ya kuiendea?

Ajabu ni kwamba watu hawa wamesahau kesi iliyokwisha kusemwa mbele ya taifa zima. Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alipolihutubia Bunge baada ya nchi kuwa Jamhuri, alilaumu elimu iliyowafanya Waafrika wazionee haya ngoma zao huku wakijivunia rumba na chachacha, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Leo chachacha imepitwa na wakati, lakini haya ile ingalipo, imevaa nguo nyingine tu.

Upande wa pili wamesimama wazee, na nyuma yao, kwa bahati mbaya, baadhi ya wanazuoni waliozoea kuiandika mila kana kwamba ni yai, ambalo ukilivunja ganda hakuna kinachosimama. Hawa hunena kwamba ngoma ya esaro pasipo esaro ni maigizo. Wangepaswa kwanza kuteremka pwani. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na kufariki Aprili 2013, hakusifika kwa taarabu peke yake. Alikuwa kungwi, akiwafunda wari wa Unguja kwa ngoma ya unyago, na katika mafundisho yake hapakuwa na kisu. Mwari alihesabiwa kuwa mwanamke kwa sababu alifundwa akajua nyimbo na maana zake. Na hata Ukuryani kwenyewe, litungu lenye nyuzi 8 hupigwa arusini na penye kusifu watu hodari, mahali pasipo na tone la damu, wala hakuna mzee anayesimama akasema kwamba hayo ni maigizo. Ikiwa ngoma yaweza kuishi bila kisu katika furaha za wanaume, yashindwaje katika msiba wa wasichana?

Ni katika msiba huo kwamba kazi yake yaonekana. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya ngoma za uganga, ambacho Dar es Salaam imo miongoni mwa miji aliyoichunguza, alionyesha kwamba jina hili moja, ngoma, hushika pamoja chombo, mchezo na chama cha watu walioteseka ambao huponyana. Mgonjwa wa ngoma hapewi dawa akaenda zake. Hujifunza, kwa kujifunza huingia katika kundi, na siku moja humfundisha aliyekuja nyuma yake. Wapunga pepo wa pwani wanalijua jambo hili bila kitabu. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, wataalamu wa Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa hapiti njia iliyonyoka kutoka huzuni hadi utulivu, bali huyumba: mara huuelekea msiba wake, mara huupa kisogo akashika mambo ya maisha mapya, kisha huurudia tena, na kuyumba huko ndiko kwenye afya. Mchezaji hodari wa ngoma asingeyaona hayo kuwa mageni.

Na atazamwe msichana anayejifunza, si yule anayejua tayari. Siku ya kwanza hukaa pembeni. Siku ya pili huvutwa mkono, akakanyaga mguu wa kulia wakati wenzake wamekanyaga wa kushoto, wakamcheka, naye akacheka. Na huenda kicheko hicho ni cha kwanza tangu atoke kwao. Hawezi kucheza na huku akiwa peke yake mawazoni, maana lazima asikie kishindo cha mguu wa jirani, apokee wimbo pale kiongozi alipouachia. Mwili wake, ambao jana wakubwa waliuhesabu kwa idadi ya ng'ombe watakaolipwa, leo wasimama na kwenda kwa amri yake mwenyewe. Mshauri mwenye daftari aweza kumwuliza anajisikiaje, na ni vema amwulize. Lakini mtoto wa miaka 12 mara nyingi hana maneno ya kujibu swali hilo.

Anayetaka mfano wa nje ya Mara aangalie Patongo, kaskazini ya Uganda. Mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi katika kambi ya watu waliohamishwa na vita vya Joseph Kony, miongoni mwao mayatima, walijifunza bwola, ngoma kubwa ya Waacholi, wakaenda nayo Kampala kwenye mashindano ya shule za taifa. Filamu iitwayo War Dance, ya mwaka 2007, imeyahifadhi hayo. Ngoma haikuwarudishia wazazi, wala haikuufunga mlango wa kambi. Asiwepo wa kudai zaidi ya hapo kwa ajili ya Masanga au Mugumu: msichana bado anahitaji shule, hakimu, na mzazi atakayejuta. Lakini watoto wale walikwenda Kampala wakiwa Waacholi, si mizigo ya msaada, na tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo utetezi huu usichukuliwe na wale wapendao ngoma kwa ajili ya picha. Wako wafadhili na wakubwa wa serikali ambao kwao wasichana wakicheza ni kitulizo cha wageni kabla ya hotuba. Mtoto aliyefundishwa hatua 6 kwa haraka ili mheshimiwa asikute uwanja mtupu hakufundishwa ngoma. Ameajiriwa bila mshahara. Iko na hatari ya pili. Mangariba walioweka kisu chini wanazijua nyimbo hizi vizuri, na mtu aweza kupendekeza wafanywe walimu. Yamkini nia ni njema. Lakini mkono ambao mtoto aliukimbia haufai kuwa wa kwanza kumshika ili aonyeshwe hatua. Mabibi na mashangazi wapo, wa koo hizo hizo, ambao hawakumkata mtu; waitwe wao, walipwe nauli na posho kama mwalimu yeyote, wala wasiketishwe nyuma ya mtaalamu aliyetoka mjini.

Januari shule zifunguliwapo, wapo wasichana ambao wazazi huja kuwachukua kwa ahadi kwamba hawataguswa, na wapo ambao hakuna aliyewajia. Wageni wamekwisha kuondoka, maturubai yamekunjwa. Kwa hao waliobaki msiba ndipo unapoanza hasa, na ndipo ngoma ilipo hatarini kufungiwa ghalani pamoja na viti vya mahafali. Itolewe. Jumamosi moja kwa juma yatosha, na bibi mmoja wa kijiji, na mpiga litungu akipatikana; na wale waliokaa miaka miwili wawafundishe waliokuja juzi.