Pasaka Haikatazi Machozi



Kila Pasaka inapokaribia ninamkumbuka mama mmoja jirani yangu hapa Temeke. Jumapili, tarehe 21 Machi 2021, binti yake wa kwanza alitoka nyumbani asubuhi na kanga yake begani, akaenda Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli, aliyefariki tarehe 17. Umati ulikuwa mkubwa mno. Watu wakakanyagana, na 45 wakapoteza maisha. Binti huyo alikuwa mmoja wao.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 4 Aprili, wiki mbili tu baadaye. Jumamosi jioni nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye mkeka, uji umepoa pembeni. Kwa haraka yangu nikamwambia, "Nyamaza dada, usilie tena. Kesho Bwana anafufuka."

Akaniangalia, akasema, "Dada nesi, Bwana atafufuka. Mwanangu yuko kaburini, na nauli nilimpa mimi."

Sikuwa na jibu. Nimefunga macho ya marehemu wengi wodini, lakini jioni ile nilirudi kwangu na aibu.

Usiku nikafungua Marko 16. Wale wanawake hawakwenda kaburini wakiwa na tumaini. Walibeba manukato ya kupaka maiti, na njiani waliwaza nani angewaondolea lile jiwe. Nikasoma na Yohana 20. Mariamu Magdalene alikuwa akilia hata akadhani Yesu ni mtunza bustani. Bwana hakumkemea, wala hakumtaka akafute machozi kwanza. Alimwita kwa jina lake.

Alfajiri, kabla ya ibada, nilirudi kwa jirani yangu bila mahubiri. Nikachemsha chai, nikakaa naye mkekani, nikamtaja binti yake kwa jina na kumwomba anisimulie habari zake. Alilia sana. Kisha akakumbuka jinsi binti alivyounguza maandazi siku ya kwanza kupika, akatabasamu kidogo. Akanywa chai nusu kikombe. Kuhusu nauli nilimwambia neno moja tu: "Ulimpa kwa upendo. Hukumpa kifo."

Siku ile hakwenda kanisani. Lakini Pasaka iliyofuata, tarehe 17 Aprili 2022, nilimwona kwenye ibada ya alfajiri, amejifunga kanga ya binti yake. Machozi yalikuwepo, na wimbo pia ulikuwepo.

Akina mama, sisi ni hodari wa misiba kwa siku tatu: masufuria, michango, mikeka. Matanga yakianuliwa, tunatoweka. Pasaka hii mtembelee mwenzako aliyefiwa miezi mingi iliyopita. Usimwambie asilie. Mtaje marehemu kwa jina. Mpelekee chakula, ukae naye mpaka ale. Ukiona wiki zinapita halali wala hali, au anasema heri afe, usimwache peke yake. Msindikize hospitali siku hiyo hiyo. Kwenda kutibiwa si upungufu wa imani.

Na wewe unayesoma haya huku unalia, usidhani umechelewa Pasaka. Wale wanawake walifika kaburini na huzuni yao yote, wakakuta jiwe limekwisha kuondolewa.

Bwana akuite kwa jina lako. Amina.