Mwanafalsafa, Kisima cha Ubatizo na Ngoma Mbele ya Altare



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili nimelazimika kuiweka kando tafakari ya masomo ya Dominika, kwa sababu mezani kwangu zimelala barua mbili zinazodai jibu kabla Halmashauri ya Walei haijakaa. Ya kwanza inataka watoto wa Utoto Mtakatifu wakome kucheza wakati wa Misa, kwa hoja kwamba ngoma ni mabaki ya upagani, na kwamba mtu mwenye akili na imani iliyokomaa husali akiwa ametulia. Ya pili inataka kinyume chake: tuandae mashindano ya uchezaji baina ya vigango, wachezaji washonewe sare mpya, na washindi wapewe nafasi ya kucheza siku ya somo wa parokia. Nimezisoma zote kwa heshima. Nazikataa zote mbili, nanyi mnastahili kuambiwa kwa nini.

Nianze na hilo neno "mwenye akili". Limejificha humo wazo kwamba fikra na ngoma ni maadui, na kwamba kadiri mtu anavyosonga mbele katika elimu na imani, ndivyo mwili wake unavyopaswa kunyamaza. Sisi Watanzania tunaye shahidi wa kulipinga wazo hilo, na hatuhitaji kuvuka bahari kumtafuta. Inatosha kuvuka Ziwa kwenda Musoma.

Mwalimu Julius Nyerere hakuzaliwa Mkristo. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, kijana huyo wa miaka 21, ambaye tayari alikuwa mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa Nyegina. Hakubebwa mikononi mwa mama kupelekwa kisimani. Alikwenda kwa miguu yake, baada ya kusikiliza, kuuliza na kupima. Ubatizo haukumfanya aache kuuliza. Makerere alisoma maandishi ya mwanafalsafa John Stuart Mill, akayatumia kuandika juu ya hali ya wanawake katika jamii yake mwenyewe. Baadaye, kati ya mwaka 1949 na 1952, alisoma Edinburgh, na falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Hata hivyo mtu huyo aliyezoea hoja alihudhuria Misa kila ilipowezekana hadi uzee wake, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Sasa sikilizeni. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, mwanafalsafa huyu hakuona aibu kuzungumzia ngoma. Aliwauliza wasomi wenzake, waliojua kucheza rumba, chachacha na waltz, ni wangapi miongoni mwao waliopata kucheza, au hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Alisikitika kwamba tulifundishwa kuyaonea haya yaliyo yetu. Ni kweli kwamba siku ile alizungumzia utamaduni wa taifa, wala si liturujia, nami sitaki kumwekea maneno kinywani. Lakini swali lake linagonga pia mlango wa kanisa. Mtu aliyeonea haya ngoma ya babu yake ataleta nini mbele ya altare, kama si nusu ya nafsi yake? Mwalimu mwenyewe alipotaka kuwapa watu wake Injili katika uzee wake, aliiweka katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Alichagua mizani na vina, maneno ambayo kichwa hayakisomi bila mwili kuanza kuyafuata.

Najua mwandishi wa barua ya kwanza ana jibu, kwa maana amelitaja: Mtakatifu Augustino. Hoja hiyo ni nzito, nami sitaikwepa. Augustino alikuwa Mwafrika na mwanafalsafa kuliko wengi wetu. Alizaliwa Thagaste mwaka 354. Kitabu cha Cicero kikamwasha kiu ya hekima akiwa na miaka 19. Alipotea kwa Wamanikayo kwa miaka ipatayo tisa. Akasoma vitabu vya wafuasi wa Plato. Na hatimaye akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387. Na kweli, Augustino huyo alipokuwa askofu alikemea ngoma. Alisema ni afadhali mtu alime siku ya mapumziko kuliko kucheza. Katika mahubiri yake juu ya Mtakatifu Sipriano alikumbusha jinsi wachezaji walivyokuwa wamevamia mahali pa kaburi la shahidi huyo Kartago, wakaimba na kucheza usiku kucha, mpaka mikesha mitakatifu ilipowekwa badala yake.

Lakini ndugu yangu, umesoma nusu. Katika mahubiri hayo hayo Augustino analitazama lile neno la Bwana juu ya watoto waliopiga zumari na wenzao wasicheze, naye anauliza kucheza ni nini hasa. Jibu lake ni kwamba kucheza ni viungo vya mwili kupatana na wimbo. Kwa hiyo anayeamuru ndiye mwimbaji, na anayetii amri ndiye mchezaji. Mtazameni mwanafalsafa huyo! Anawafukuza walevi kaburini, lakini picha ya ngoma haitupi. Anaichukua na kuifanya mfano wa maisha ya Kikristo. Kosa la wale wa Kartago lilikuwa kwamba viungo vyao havikupatana na damu ya shahidi waliyesema wanamheshimu. Walijiimbia wenyewe.

Na hapa Bukoba na Muleba tuwe wakweli pia. Wamisionari walipofika Kashozi mwaka 1892 hawakukuta ngoma iliyo tupu, isiyo na maana. Walikuta pia ngoma za kuita pepo wa Bachwezi, za Wamara na Mugasha, nao waliogopa. Hofu yao haikuwa ujinga mtupu. Hata leo wapo miongoni mwetu wanaosali Dominika na kwenda kwa embandwa Jumatano usiku. Lakini babu zetu walikuwa na ngoma nyingine pia. Omutoro ulichezwa mbele ya Mukama. Tafakarini jambo hilo: mbele ya Mukama, mtu anacheza kwa sababu Mukama yupo. Na sisi tuliposali kwa Kihaya tulimpa Mungu jina gani? Tulimwita Omukama. Jina la kiti tumelipeleka mbinguni. Je, heshima iliyokizunguka kiti hicho tuiache nje ya mlango wa kanisa?

Kanisa lenyewe limekwisha kusema, na halikusema kwa sauti ya mashaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulifungua mlango wa kupokea mila za mataifa zisizofungamana na ushirikina wala upotofu. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alikuja Kampala, jirani yetu kabisa, akawaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo mwendo wa kucheza kuizunguka altare una mahali pake. Na mwaka 1994 Idara ya Ibada ilieleza kwamba kwa baadhi ya mataifa wimbo huandamana kwa asili na makofi, kuyumba na kucheza, na kwamba mambo hayo yanaweza kupokewa katika liturujia, kwa sharti moja: yawe kweli sala ya jumuiya inayoabudu, kusifu, kutoa na kuomba, wala yasiwe maonyesho tu.

Sharti hilo linaijibu barua ya kwanza, lakini linaivunja kabisa barua ya pili. Mashindano? Nani atakuwa mwamuzi, na atatoa alama za nini: za kuabudu? Tunapompa mtoto nafasi ya kwanza kwa kucheza mbele ya Mungu, tumemfundisha kwamba aliye mbele yake ni sisi. Tayari tumekwisha kuanza kumfundisha hivyo. Watoto wanapopita na vipaji, simu zinainuka, watu wazima wanapanda kwenye mabenchi, na wapo wanaokwenda kumtuza mtoto noti kifuani kama mwimbaji wa taarabu harusini. Na hizo sare! Mwaka jana mtoto mmoja wa kigango chetu aliacha kuja Misa kwa sababu mama yake hakumudu kitenge kilichochaguliwa. Mtoto yule hakukosa imani wala hakukosa miguu. Alikosa kitambaa, na kwa ajili ya kitambaa tukamnyima sala yake. Anayetaka mashindano na aniambie kwanza atamwambia nini mama huyo.

Mtaniuliza: basi, Padre, ngoma ya tafakari inafananaje? Si jambo geni kwenu. Mmemwona bibi kizee anayeleta mkungu wake wa ndizi wakati wa matoleo, anayeyumba taratibu kwa mapigo ya ngoma, macho yake yakiwa kwenye altare, midomo ikitembea. Hamtazami mtu. Hatua zake ni chache na hurudia zile zile, kama tunavyorudia Salamu Maria katika Rozari, mpaka akili inatulia na moyo unabaki na Mungu. Akifika hupiga magoti. Hakuna anayempigia makofi, kwa kuwa kila mmoja anaelewa kwamba bibi yupo mahali pengine. Mfalme Daudi alicheza hivyo mbele ya Sanduku la Agano, asijali heshima yake, na Mikali aliyemdharau kutoka dirishani alikuwa ametulia kabisa. Utulivu wake haukuwa sala.

Namkubalia mwandishi wa barua ya kwanza jambo moja, tena kwa moyo wote: kimya kina haki yake. Baada ya Komunyo isisikike ngoma wala kayamba. Asiyejua kunyamaza mbele ya Mungu hajui pia kwa nini anacheza.

Kwa hiyo nitaiomba Halmashauri ikubali haya. Watoto waendelee kucheza kwenye maandamano ya kuingia, kwenye Utukufu na kwenye matoleo. Wacheze wakielekea altare. Pasiwe na sare ya kununua. Nguo safi ya Dominika yatosha. Pasiwe na kutuza wala kupiga picha wakati wa Misa. Kabla ya kufundishwa hatua, wafundishwe maneno ya wimbo na maana yake, na walezi wawaulize, kama Mwalimu alivyozoea kuuliza: unafanya hivi kwa nini? Na mashindano yasiwepo.

Halmashauri itakaa Jumamosi, saa nne asubuhi. Waandishi wa barua zote mbili wamealikwa, na yule mama wa mtoto aliyekosa kitenge nimemwalika mimi mwenyewe. Naomba asikilizwe kwanza.

Mungu awabariki.

Paroko wenu