Pizza Mbili kwa Bei ya Moja, na Basi la Kampala

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuniuliza kama bado niko hai. Niko hai, nimeshiba, na tangu tuagane nimevuka mpaka wa nchi yangu kwa mara ya kwanza maishani. Leo sitaandika kuhusu Linux wala lugha mpya ya kuundia programu. Nataka kuzungumzia chakula cha bei nafuu, ingawa mtaona kwamba tarakilishi haikai mbali.

Tuanze na Jumanne. Hapa Nairobi, mtu yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi wa chuo au kupokea mshahara wa kwanza anajua kuwa Jumanne ni siku ya pizza: unanunua moja, ya pili unapewa bure. Mimi na wenzangu tuko wanne, tumejuana tangu chuoni. Kuna mwalimu, kuna nesi, kuna fundi wa mitambo ya intaneti, halafu kuna mimi. Wanne ni idadi ya heri kwa ofa kama hiyo. Mnaagiza mbili kubwa, mnalipia moja, kila mtu anakula nusu na hakuna anayeona mwenzake kapendelewa. Mkiwa watatu au watano, hesabu inaanza kuleta maneno.

Watu husema ofa hizi ni ujanja wa kutupora. Sikubaliani nao. Mkahawa unalipa kodi ya nyumba Jumanne sawasawa na Jumamosi, mpishi yuko, tanuri linawaka, na viti vimekaa vitupu. Unga na jibini ni sehemu ndogo tu ya bei unayoiona kwenye menyu. Kwa hiyo mwenye mkahawa akikuuzia nusu bei siku ambayo hungekuja, bado anabaki na kitu, na wewe umekula. Halafu utaagiza soda, na soda haina ofa. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Tena jambo hili lina historia katika fani yetu. Groupon ilipoanza Chicago mwaka 2008, ofa yake ya kwanza ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja, katika baa iliyokuwa kwenye jengo lile lile la ofisi yao. Miaka 2 baadaye Google wakataka kuinunua kwa dola karibu bilioni 6, wenyewe wakakataa! Lakini tazama jinsi pesa ilivyogawanywa. Mkahawa ulikata bei kwa nusu, kisha Groupon ikachukua karibu nusu ya kilichobaki, kwa hiyo mpishi akaona kama robo ya bei yake. Hiyo siyo ile Jumanne yetu. Pale katikati ameingia mtu wa tatu mwenye seva, na mtu wa tatu lazima ale.

Mtu huyo namjua vizuri kwa sababu nimewahi kumfanyia kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kibarua cha kuunda mfumo wa kuponi kwa kampuni moja ya kupeleka chakula majumbani, ambayo sitaitaja. Nilidhani nitaandika mstari mmoja wa kupunguza bei, basi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kuandika masharti. Oda isipungue kiasi fulani. Isiwe wikendi. Gharama ya kupeleka isiguswe. Kuponi ife saa sita usiku, hata kama mteja yuko katikati ya kuagiza. Siku moja nikauliza: mteja akiwa na punguzo la asilimia 10 na kuponi ya shilingi 200, tuanze na lipi? Chukua oda ya 2,000. Ukitoa asilimia 10 kwanza, halafu 200, analipa 1,600. Ukigeuza, analipa 1,620. Jibu nililopewa mnaweza kulikisia. Shilingi 20 si kitu kwa mlaji mmoja, lakini zidisha kwa oda laki moja uone kama hupati milioni 2.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kuponi ambazo hazikutumika zilihesabiwa kuwa mafanikio. Umemwahidi mtu chakula, hakula, na chati inapanda. Tangu siku hiyo nikiona ofa kwenye simu huwa nasoma maandishi madogo kwanza, tena nayasoma kama mtu anayetafuta kosa ndani ya programu. Zipo pia punguzo zinazolipwa kwa pesa za wawekezaji ili tuzoee, na siku pesa zikikauka mambo yamekwisha. Jumia Food iliwalisha watu wengi hapa kwa ofa, na Desemba 2023 ikafungwa Kenya na kwingineko.

Basi, turudi mezani. Jumanne moja tulikuwa tunajisifu jinsi tulivyookoa. Pizza ilikuwa 1,500, kila mmoja katoa 375 badala ya 750. Nesi, ambaye hapendi maneno mengi, akauliza, "Mmeokoa 375. Ziko wapi?" Kimya. Mwalimu akapapasa mfuko kana kwamba atazikuta humo. Ukweli ni kwamba hazikuwepo, zilikuwa zimekwenda kwenye matatu, vocha na vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Nesi akasema kama kweli tumeokoa, kila mtu atume 375 yake kwa M-Pesa sasa hivi, kwenye laini ambayo mwalimu haitumii. Chama kikazaliwa hapo hapo, kabla hata sahani hazijaondolewa. Lengo: hakuna kati yetu aliyewahi kutoka Kenya, kwa hiyo pesa hizo zitupeleke Kampala.

Huo ndio msimamo wangu wa kwanza, na niliutangaza kwa kila aliyenisikiliza: punguzo halikuwekei akiba hata senti. Linaacha tu pesa mkononi mwako, na mkono ukiachwa wazi unajua kazi yake. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilitengeneza hata jedwali kwenye tarakilishi lenye rangi ya kijani iliyokuwa ikipanda kila Jumanne.

Kisha siku moja, mchana nikiwa kazini, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Msichana wa upande ule akanitajia jina la rafiki yetu fundi na kuniuliza kama namfahamu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie alipe deni letu." Ilikuwa moja ya zile programu za mikopo ya simu. Wakati wa kuisakinisha alikuwa ameipa ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, na jina langu likawemo. (Kwa anayetaka kujua: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza wakopeshaji hao kuwapigia simu watu wako namna hiyo. Mtoza deni yule labda hakuzisoma.)

Mkataba wa kazi wa jamaa ulikuwa umekwisha miezi 4 nyuma na hakutuambia. Kila Jumanne alikuja, akakaa, akacheka, akatoa 375 ya pizza na 375 ya safari. Sasa jumlisha. Ni 750! Mimi mwenye jedwali la kijani sikuwa nimeona kwamba sote tulikuwa tunalipa bei kamili. Kwangu mwenye mshahara hiyo ilikuwa akiba. Kwake ilikuwa 3,000 kwa mwezi wa Jumanne 4, na alikuwa anaikopa.

Nilimvuta nje ya mkahawa Jumanne iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, nikashindwa. Nilimuuliza tu kwa nini hakusema. Akaniambia, "Ndugu yangu, Jumanne ndiyo siku pekee ninayonyoa ndevu. Nikiikosa hiyo nitabaki na nini?"

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Sisi tunaounda programu huandika kila kitu kwa asilimia. Asilimia 50 inaonekana kubwa sana kwenye kioo cha simu, imeandikwa kwa rangi nyekundu, inakonyeza. Lakini nusu bei bado ni bei. Ofa inamleta karibu aliyepungukiwa kidogo, na aliyepungukiwa kabisa inamwachia kazi ya kujifanya. Tena inamfanya aone haya zaidi, maana nani atakosa pesa ya kitu cha bure? Sisemi tususie ofa. Bila ile pizza ya pili, sisi wanne tungekuwa tunaonana kwenye mazishi na harusi tu. Ninachosema ni kwamba aliyeita watu mezani hawezi kuiachia menyu kazi ya kujua nani ana nini.

Tulifanya hivi. Jamaa alikuwa ameweka kwenye chama Jumanne 22, yaani 8,250. Tukamrudishia zote, akafunga lile deni na kuifuta ile programu mbele yetu. Alikataa hata shilingi moja zaidi. Nesi naye akatangaza kwamba Jumanne zimehamia kwake, chapati na ndengu, kila mtu alete alicho nacho hata kama ni vitunguu viwili. Tulikula hivyo kwa miezi kadhaa na hakuna aliyekonda. Safari ilisogezwa mbele, na mwalimu alinuna kidogo kwa sababu likizo ya shule haikungojei.

Tulisafiri mwaka jana, jamaa akiwa amepata mkataba mwingine. Kwa wale ambao hawajatoka bado, niwaambie jambo moja ambalo wengi hawalijui: tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Pasipoti si lazima. Usisahau tu kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Ukishachanjwa ni ya maisha yote.

Basi la usiku lilitupitisha Kisumu hadi Busia. Nilikuwa nimejiandalia moyo wangu kwa ajili ya hiyo ng'ambo, nikidhani nitaona kitu, sijui mstari, sijui mlango. Siku hizi kituo ni kimoja, unagongewa kutoka na kuingia kwenye jengo lile lile. Jamaa yetu ni Msamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Akaanza kuongea kikwao na mama mmoja kwenye foleni, na kabla hatujafika dirishani walikuwa wameshagundua ukoo. "Ng'ambo gani hii?" akatuuliza. "Shangazi yangu kaolewa pale nyuma ya ile miti." Mwalimu alikasirika kweli, kwa sababu alikuwa amewaaga wanafunzi wake kama mtu anayekwenda Ulaya.

Kulipokucha tulivuka Mto Naili pale Jinja, juu ya lile daraja jipya la mwaka 2018, na mbele kidogo kwenye msitu wa Mabira basi likazingirwa na wauzaji wa kuku wa vijiti na ndizi za kuchoma, wakizisukuma madirishani. Hapo hakuna menyu wala kuponi. Unalia bei, anacheka, mnakubaliana na basi linaondoka.

Kampala nilifanya upumbavu. Nilikuwa nimeona kwenye simu ofa ya chakula cha mchana cha watu wanne, nikawalazimisha wenzangu tuivukie jiji zima. Boda boda nne, kila mmoja na yake. Kufika, tukaambiwa ofa hiyo si ya siku hiyo. Nilipopiga hesabu, nauli peke yake ilishapita kile ambacho tungeokoa. Mimi! Niliyeandika masharti ya namna hiyo kwa mikono yangu! Nesi hakusema neno, alinitazama tu.

Tukala luwombo bei kamili kwenye mkahawa wa jirani, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba na mchuzi wa karanga, matoke pembeni. Bili ilipokuja yenye sufuri nyingi mno, mwalimu alishika kifua mpaka alipokumbuka kugawanya kwa 28. Ilikuwa takribani 4,300 zetu kwa watu wanne. Hakuna aliyelalamika. Nakiri kwamba ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula na hawa watu, na hakikuwa na punguzo lolote.

Usiku wa mwisho tulikwenda Wandegeya, karibu na Makerere, kula rolex. Si saa, ni chapati iliyokunjwa na mayai, nyanya na kabeji ndani. Jamaa akasimama mbele ya kikaango na kumuuliza muuzaji bila kucheka kama leo hakuna ya pili bure. Muuzaji akamwambia yai la pili lipo, lakini kuku amelidai pesa. Tukachukua nne, kwa shilingi 12,000 za huko, kama 430 za kwetu. Sote tukaingiza mikono mifukoni. Jamaa alikuwa ameshalipa. Mwalimu akaanza kupiga hesabu ya nani anadaiwa ngapi, na nesi akamziba mdomo kwa kipande cha chapati.